Mwenye Kiti

Mtu akifungua chupa ya asali mbichi karibu nami, hasira hunipanda kabla mate hayajanijaa mdomoni.

Baba alianguka kutoka mtini akirina asali, akavunjika uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi moja kwa moja. Mimi na mama tulizunguka kijiji kizima na madebe, na kila nyumba ikatumiminia asali. Mikono yangu ilinata mpaka kwenye viwiko. Asali ile ikauzwa mjini Tabora, kikanunuliwa kiti cha magurudumu.

Nyumbani hakikufika. Mwenyekiti wa kijiji alikiweka ofisini kwake.

"Kimetokana na jasho la wote," alisema. "Ni mali ya Ujamaa. Mgonjwa akikihitaji, aje."

Aje! Kwa miguu ipi?

Kila nilipochungulia dirishani nilimwona amekikalia yeye, akijizungusha kama mtoto. Siku ya mkutano alitoka nacho nje, akakaa mbele yetu sote. Mama alipenya katikati ya watu, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona leo huniiti mwenyekiti?"

"Mwenye kiti yuko nyumbani, amelala kwenye mkeka. Inuka."