Dada Alimwalika Mtani

Huku kwetu Tabora mwanamke akimpenda mwanamume hasemi, anapika. Anatuma sahani ya mihogo ya karanga imefunikwa kawa, kisha anangoja sahani irudi na neno. Za dada yangu zilirudi zimeoshwa tu. Nikamwambia dada kwamba huyo bwana wake angefaa kuwa mwoshaji vyombo wa shule yetu, ambako sahani huoshwa kwa sala, maji hakuna.

Dada ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza la nyumba ya bibi, hapa Kanyenye. Wazazi hatuna, shangazi wa kumsemea hatuna, na bibi wakati ule alishafika umri wa kusahau kama amekula. Bwana mwenyewe alikuwa fundi wa reli, amepanga Ipuli, tena Mzaramo. Hapo ndipo penye taabu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wakitembea na pembe za ndovu kichwani mpaka pwani. Mtani atakutukana wewe na ukoo wako, atakutangaza mkewe mbele ya watu, nawe hukasiriki, kwa sababu neno la mtani halina uzito. Unacheka, basi.

"Mke wangu, suruali yangu iko wapi?" ndivyo alivyokuwa akimwamkia dada.

"Nimeitwika, nangoja msafara," dada humjibu.

Mimi nilikuwa nikimwita shemeji. Dada alinifinya kila mara, lakini hakunikataza.

Kisha likaja gari la sinema la serikali. Jumamosi lingeonyesha picha uwanjani, jinsi ya kuchimba choo bora kijijini. Dada akasema atamwalika.

"Dada, mapenzi yenu yaanzie chooni?"

Akanichapa kwa futi yake ya kupimia. Lakini mtani alipofuata suruali yake, dada alisimamisha cherehani, naye hasimamishi cherehani kwa mteja yeyote, hata mwenyekiti wa tawi.

"Mtani, Jumamosi twende sinema."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Na mizigo atabeba nani?"

Baraza zima likacheka. Hata mimi.

"Sitanii," dada akasema.

"Babu yako naye alisema hivyo hivyo, babu yangu akamkuta ufukweni anatia sukari baharini apate chai." Akaikunja suruali, akaibana kwapani. "Haya mke wangu, nimekubali. Niwekee nafasi karibu na hicho choo."

Dada alilichukua lile neno nimekubali, mengine akayaacha palepale barazani.

Jumamosi alivaa gauni alilolishona kwa siku nyingi akisema ni la mteja. Akakaa barazani tangu adhana ya magharibi, mkufu wa bibi shingoni. Nilikuwa na mzaha mzuri sana kuhusu ule mkufu. Mzaha nikaumeza. Tulisikia kipaza sauti cha uwanjani kikisema, kisha kikanyamaza, na watu wakaanza kurudi. Yule bwana alikuwa katikati yao, na wenzake wa reli.

"Mtani," akaita kutoka barabarani, "mbona hukuja? Choo kimekwisha chimbwa!"

Dada akacheka, maana mtani huchekewa. Akaingia ndani. Mkufu nikaukuta asubuhi juu ya cherehani.

Alipopata likizo, yule bwana alikwenda kwao pwani, akarudi na mke wa kweli. Dada alimpongeza. Alimwambia bibi harusi ana bahati, mumewe anajua kuosha sahani.

Mwaka huu bibi akafariki, na msibani kwetu watani ndio wenye ruhusa ya kufanya mzaha. Yule bwana akaja. Akajifunga khanga ya bibi kichwani, akashika fimbo yake, akapita kati ya akina mama amejikunja kama bibi mwenyewe. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na kamasi zao. Akafika kwa dada.

"Mjukuu wangu, naondoka nakuacha hivi hivi? Hukupata hata mpagazi?"

"Nilimwalika mmoja, bibi," dada akasema. "Nikavaa, nikakaa barazani. Hakuja."

Ua zima likaangua kicheko. Mtani peke yake hakucheka. Akateremsha khanga kichwani, akainama.

"Ile sinema. Ulikuwa unasema kweli?"

"Mtani," dada akamwambia polepole, "watu wanangoja kucheka."

Akairudisha khanga kichwani. Akaendelea kuwa bibi, na alimwiga vizuri.

Kitu anachochukua mtani msibani hakidaiwi wala hakirudishwi. Lakini baada ya arobaini alikuja barazani na ile khanga, imefuliwa, imekunjwa. Akasimama nayo. Hakumwita mtu mke wangu.

"Weka hapo, shemeji," nikasema, kwa mazoea. Hakuna aliyecheka.

Dada hakusimamisha cherehani.