Siku Kumi na Tisa za Njano

Mzee Fito aliketi, akasimama, akaketi tena. Kiti cha ofisini kilikuwa na magurudumu, naye hakuzoea kukalia kitu kinachotaka kuondoka.

"Tulia, baba," karani alimwambia. "Kompyuta haiumi."

"Haikuumi wewe. Mimi imeniita."

Kwa miaka ishirini na miwili alipanda ngazi ya tangi la maji kila asubuhi. Alizamisha ufito wa sentimita mia tatu mpaka chini, akauvuta, akaandika namba daftarini. Jina lake lilitoka hapo. Shule hakuiona, ila namba alizijua. Sasa msimamizi mpya alitaka vipimo vya miaka miwili viingizwe kwenye kompyuta, na karani alikuwa amevifanya mstari mmoja mrefu kwenye skrini, wa kupanda na kushuka.

Karani hakuishia hapo. Kando ya safu ya vipimo aliongeza safu nyingine, akajaza namba kwenye siku alizotaka kuzitenga tu. Namba hizo akazigeuza nguzo pana zilizoshikana, akazipeleka nyuma ya mstari na kuzipaka rangi nyepesi. Miezi ya mvua ikawa buluu. Kiangazi kikawa kahawia. Katikati ya mvua palikuwa na kipande chembamba cha njano, na hapo mstari uliruka juu kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Siku kumi na tisa," alisema msimamizi, amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Mzee, wewe huandika sehemu kavu ya ufito, siyo?"

"Kavu. Ndivyo nilivyofundishwa. Kazi yetu ni kujua kilichopungua."

"Basi siku hizi ukavu umepita mia mbili. Tangi karibu tupu, mvua inanyesha, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kukosa maji! Hukupanda, mzee. Ulikaa chini ukapika namba."

"Mimi hata chai sijui kupika."

Karani alicheka, akaziba mdomo. Msimamizi hakucheka.

"Mpaka saa sita nataka maelezo. La sivyo, kesho ufito utashikwa na mwingine."

Akaenda zake. Mzee Fito alikwenda dirishani, akarudi. Akaivua kofia, akaivaa. Siku zile alizijua. Alikuwa hoi kwa homa, hata uji haukai tumboni. Mkewe alivaa viatu vyake vya mpira, akaenda kupanda. Sheria ilisema hapandi mtu ila mpimaji, kwa hiyo wakafunga midomo. Alipopona alianza ukurasa mpya, hakutazama nyuma.

Sasa mke alikuwa na miezi minane kaburini. Akisema, kazi inaota mbawa. Akinyamaza, namba za mkewe ni uongo. Na mwanamke yule hakujua kusema uongo. Wageni wasiotakiwa walikuwa wakiambiwa usoni.

"Nipe daftari, mwanangu."

Alipekua. Namba za siku zile zilikuwepo. Kila 7 ya mkewe ilikuwa na kistari katikati, imefungwa mkanda kiunoni, kama mwenyewe akiwa kazini. Mzee alizifunika kwa kiganja, kisha akakiondoa.

"Huu si mwandiko wako," karani alisema polepole.

"Wa mama watoto."

"Ulimfundisha kupima?"

"Nilikuwa nimelala. Nikamwambia: zamisha, vuta, andika."

"Uandike upande gani?"

Mzee aliuinamia tena mwandiko ule. Upande hakumwambia. Akakumbuka chupa ya mafuta ya kupikia. Yeye akisema yamekwisha nusu, mkewe anajibu, "Hee, baba, si yapo ya siku tatu hayo." Miaka yote walibishana juu ya chupa ile ile.

"Kaandika palipolowa," alisema. "Kahesabu kilichopo. Toa kwenye mia tatu, mwanangu. Toa zote!"

Karani alitoa. Ndani ya njano mstari ukashuka, ukashikana na wenzake huku na huku, usione hata pa kuungia.

Msimamizi aliporudi, mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Niliumwa. Akapanda mke wangu. Kosa la kuficha ni langu. Vipimo ni vya kweli, tazama."

Msimamizi alitazama skrini, kisha dirishani, kwenye ile ngazi.

"Alipanda ile?"

"Siku kumi na tisa. Na viatu vyangu vinampwaya."

Msimamizi alikunywa chai iliyokwisha kupoa.

"Barua ya onyo utaipata."

"Nitaipokea."

"Na kesho usichelewe tangini."

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni karani alipouliza, "Mstari umekaa sawa, baba. Niifute hii njano?"

Akarudi mbio, karibu ajikwae kwenye kile kiti.

"Iache," alisema. "Na uikoleze kidogo. Macho yangu hayaoni vizuri."