Udhu wa Swaumu

Swaumu binti Mdoe alizaliwa mwezi wa mfungo, huko porini Handeni, na kwa miaka mingi ibada aliyobaki nayo ilikuwa ileile ya jina lake. Kufunga alifunga, maana funga haidai udhu. Kuswali hakuthubutu.

Aliyemkataza alikuwa mumewe, Sadala. Swaumu alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, ukakawia mno, mkunga akaishiwa na dawa na maneno. Mtoto akatoka amekufa. Tangu hapo mkojo ukawa unamtoka wenyewe, mchana na usiku, hausikii amri. Sadala alivumilia mpaka alipochoka, akamwandikia talaka. Swaumu alipokuwa akifunga mizigo yake aondoke, alitandika msala ili aswali alasiri. Sadala akauvuta.

"Utauchafua," alisema. "Huna twahara, na asiye na twahara hana swala."

Alikuwa mtu aliyesoma. Swaumu akamwamini.

Kaka yake Mbwana alimchukua, akamjengea kibanda mwisho wa shamba la mahindi, mbali na watu. Huko aliishi akifua matambara yake na kuyaanika nyuma ya vichaka. Wengine waliposujudu yeye aligeuza uso. Iliuma, tena iliuma kuliko talaka, kwa sababu mume alikuwa wa watu lakini Mungu, alivyodhani yeye, ni wa wote.

Ndipo ikaja operesheni ya vijiji. Lori likasomba watu wa pori zima, likawashusha kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari. Serikali ilisema watu wakae pamoja wapate shule na zahanati, na maneno hayo yalikuwa mazuri. Ila ujamaa huleta jirani, na jirani ana pua. Upande wa kulia jirani wa Swaumu alikuwa Zuena, ambaye upepo ukigeuka alifunga dirisha kwa kishindo ili asikike. Nyuma ya nyumba lilijengwa banda la madrasa. Mwalimu wake alikuwa Sadala, naye kaletwa na lori lilelile.

Swaumu akawa hatoki ila alfajiri, kwenda kuteka maji lamboni.

Asubuhi moja alikuwa anatwanga uani, watoto wakiimba sheria za kutawadha. Alizoea kuzisikia bila kuzisikiliza. Mara mchi ukamsimama mkononi.

"Anayetokwa na mkojo usiokatika," Sadala aliwasomea, watoto wakafuatisha, "ajisafishe, ajifunge kitambaa. Wakati wa swala ukiingia atawadhe, aswali hapohapo. Kitakachomtoka ndani ya swala hakimdhuru. Na kila faradhi ina udhu wake."

Swaumu aliuacha mchi, akazunguka nyumba, akasimama mlangoni pa banda. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Hakuwasikia.

"Mwalimu Sadala, hukumu hiyo uliijua lini?"

Sadala aliwaruhusu watoto watoke, akangoja wafike mbali.

"Nilipokuwa nasoma Korogwe," alisema. "Kabla sijakuoa."

"Uliijua siku ile ulipouvuta msala?"

"Niliihifadhi, Swaumu. Niliisoma kama nilivyosoma zingine. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwenyewe ni wewe."

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sadala alikuwa amelibeba la Swaumu kichwani miaka yote hiyo, limeandikwa vizuri kwa Kiarabu, wala shingo haikumuuma.

"Na swala zilizopita?" Swaumu aliuliza.

"Utazilipa. Kidogo kidogo."

"Mimi ndiye nizilipe?"

Sadala alishika kitabu chake, akakiweka, akasema, "Nisamehe."

"Adhuhuri imeingia?"

"Bado."

"Basi hilo la msamaha lingoje. Nakwenda kutafuta maji."

Alikwenda lamboni mchana kweupe, akapita mbele ya nyumba ya Zuena na mtungi kichwani, harufu yake ikimfuata. Dirisha likafungwa. Akaendelea na safari yake. Aliporudi alijisafisha, akajifunga kitambaa kipya alichokata kwenye kanga yake ya Idi, akaketi karibu na maji. Wanakijiji wengine walikwisha kutawadha mapema. Yeye alipaswa kungoja wakati uingie, na alingoja kwa furaha na kwa hasira, asijue ipi ni ipi.

Sadala ndiye aliyeadhini.

Swaumu alitawadha. Hakuwa na msala, akatandika ile kanga iliyopungua. Alhamdu aliogopa ameisahau, lakini ilikuja yote. Akiwa amesimama katika rakaa ya kwanza akahisi ule uvuguvugu anaoujua ukimshuka pajani. Zamani angekimbia kujificha.

Akarukuu.