Jenerali na Mashine ya Mashuka

Dada huyu tulimwita Jenerali kwa sababu ya sauti, maana cheo hakuwa nacho. Nyumbani hata paka hamsikilizi, alisema mwenyewe, lakini kwenye kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya mahoteli, akipaza sauti wote tuliacha soga. Alifanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Kibali chake cha kuishi nchini kiliisha mwaka wa tisa, na ombi jipya lilikuwa limelala ofisini kwa watu. Wengi wetu tulikuwa hivyo hivyo.

Mashine ya pasi ina rola mbili za moto zinazovuta shuka na kulitoa upande wa pili likiwa limenyooka. Mbele yake kuna ufito wa chuma. Mkono ukiugusa, mashine inasimama. Ufito wa mashine yetu uliharibika, wakaufunga kwa waya ili kazi isilale. Bosi akasema ataangalia. Akaangalia miezi minne.

Sisi tulinyamaza, maana asiye na kibali halalamiki. Jenerali akashindwa kunyamaza.

"Siku mashine hii ikila mkono wa mtu, mtasema hamkujua?"

Akapiga simu ofisi ya usalama kazini, akaeleza haraka kwamba kuna mashine ya pasi mbovu, akakata kabla hajaulizwa jina.

Mkaguzi akaja kweli, Jumanne saa nne asubuhi. Kumbe halmashauri ya mji ilikuwa imepitisha agizo: kila ukaguzi kazini uongozane na polisi wa vibali. Waliopitisha hawajawahi kukunja hata leso, lakini usalama wetu wanaujua wao.

Nasi tulikuwa na utaratibu wetu. Aliye karibu na dirisha akiona polisi, anagonga pipa mara tatu, tunatokea mlango wa nyuma. Siku hiyo dirishani alikuwa Jenerali. Aliona gari la polisi. Kigari cha mkaguzi nyuma yake hakukiona. Akagonga.

Tulikimbia watu kumi na saba. Bosi akampeleka mkaguzi kwenye mashine mpya ya pasi, ile ya foronya, na hakubaki mtu wa kumwambia, "Mzee, siyo hiyo."

Jioni Jenerali alipojua ni nani aliyekuja, alicheka, kisha akakaa chini.

"Mgeni nimemwita mwenyewe, nikamfukuza mwenyewe."

"Piga tena, dada," tukamwambia.

"Niseme nini? Kwamba aliyelalamika ndiye aliyekimbia?"

Wiki ya tatu baada ya hapo, rola zikamkamata Jenerali mkono wa kulia. Nilikimbilia swichi nikazima, na tukahangaika kuutoa. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuipiga. Tulishasikia kwamba gari la wagonjwa nalo hufuatwa na polisi, basi tukabishana, watu wazima, huku yeye akilia sakafuni. Mwishowe tukampakia kwenye gari la kusambazia mashuka, tukampeleka hospitali. Naona aibu mpaka leo.

Mkono ulikatwa. Bosi alipoulizwa alitoa karatasi ya mkaguzi: mashine ni salama, hakuna mfanyakazi aliyelalamika siku ya ukaguzi. Imepigwa muhuri.

Daktari alinikuta kando ya kitanda, akaniuliza kwa upole kwa nini tulichelewa hivyo, kwa nini hatukuita gari la wagonjwa.

Jenerali alinitazama, akatikisa kichwa kidogo.

"Mtandao ulikuwa unasumbua, daktari," nikasema.