Viatu vya Kipa

Asubuhi ile nilitoka Clairwood, nilikokuwa nikilala kwenye yadi ya malori, bila kujua naelekea wapi. Mfukoni nilikuwa na jiwe langu la kunolea, jembamba la mviringo. Shule niliiacha mapema, na kuwanolea visu wapika vichwa vya ng'ombe pale soko la Warwick ndiko kulikonilisha.

Karibu na ufukwe nikaona wasichana wenye jezi za taifa wakishusha mabegi makubwa na magongo yaliyopinda. Nikawafuata ndani ya uwanja wao. Baridi ikanipiga usoni. Durban nzima inatoka jasho, kumbe humu sakafu ni barafu!

Mfanyakazi wa uwanja, Mkongo wa makamo, alikuwa ameshika kiatu chenye bapa la chuma chini. Nikamsalimu kwa Kiswahili, kwa kukisia tu.

"Mashine ya kunoa imekufa," akanijibu bila hata kushangaa. "Na kiatu cha kulia cha kipa wetu kinateleza ovyo. Leo tukipigwa, tunarudi nyumbani."

"Nipe mimi."

Nikalilaza bapa kwenye jiwe kama kisu. Akanidaka mkono.

"Eh, petit, mdogo wangu! Unataka kukata nyama? Angalia: iko makali mawili, katikati iko mfereji. Usiuue mfereji!"

Basi nikapitisha jiwe ndani ya mfereji wenyewe, polepole, kutoka ncha hadi kisigino. Kipa, binti wa miaka kumi na sita hivi, alinisimamia akiwa na soksi tu miguuni. Nilipomaliza akaweka sarafu juu ya makali kuona kama yamelingana. Ikatulia. Akakwaruza ukucha kwenye makali, unga wake mweupe ukadondoka.

"Eish," alisema, akacheka.

Dakika ya mwisho ya mechi tulikuwa mbele kwa bao moja. Mpinzani akachomoka peke yake, akamhadaa kipa, akakipeleka kushoto kile kisahani cheusi wanachokipiga badala ya mpira. Kipa akajisukuma kwa mguu wa kulia. Ukashika! Kisahani kikagonga pedi ya goti lake, king'ora kikalia, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Kesho fainali," Mkongo alisema. "Unalala wapi?"

"Sijajua."

"Kwangu, basi. Fundi wa timu hawezi kutupotea mjini."

Jua lilikuwa bado madirishani tulipopanda ngazi hadi chumba chake, juu ya saluni. Akanitandikia godoro. Kando ya kichwa changu nikaweka viatu vya kipa, safari hii vyote viwili. Binti alinikabidhi mwenyewe.