Baba Mkwe na Namba ya Akiba

Miaka ya sabini nilikuwa karani katika ofisi moja ya elimu mjini Mbeya, na sefu ilikuwa juu yangu. Ilifunguliwa kwa kuzungusha namba, na namba nilizijua mimi tu. Ijumaa moja tuliingiza humo mitihani ya darasa la saba, nikabadilisha namba kama kanuni ilivyotaka. Halafu mwanangu akashikwa na surua, nikakesha naye siku mbili. Jumatatu asubuhi nashika sefu, kichwani hamna kitu. Hamna! Nilijipiga paji la uso mpaka likawasha.

Nje Landrova ilikuwa inanguruma, mitihani ifike Usangu kabla ya jioni. Bosi hakunizungusha: "Ndugu, saa sita ikifika sefu haijafunguka, andika barua ya kujieleza, kisha nenda nyumbani usirudi."

Ilikuwepo namba ya akiba, inayofungua sefu hata ile nyingine ikipotea. Ilikatazwa kuandikwa, karani anayeondoka alimtajia anayeingia, wawili tu, mlango umefungwa. Sasa, aliyeniachia kazi alikuwa baba mkwe wangu. Kwetu Wanyakyusa wa enzi zile, mkamwana, yaani mke wa mtoto, hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Wakikutana njiani, anaingia majanini ampishe. Basi siku ya makabidhiano yeye alitokea mlango wa nyuma, mimi nikaingilia wa mbele, vitu nikaletewa na tarishi, sefu ikiachwa wazi niweke namba yangu. Namba ya akiba ikaondoka naye kwenda kulima viazi Uyole. Tukajiona tuna adabu. Adabu gani, jamani? Ujinga mtupu!

Dereva alitumwa kumfuata. Mzee alipoletwa, bosi akataka atajiwe yeye hiyo namba, aje anipe. Mzee akakataa katakata: kanuni ni ya karani kwa karani. Na mimi nikaongee naye? Mungu apishe mbali.

Mwishowe mzee mwenyewe akatoa njia. Nikajifungia ndani na sefu, watu wote wakasogezwa hadi getini. Yeye akasimama nje, chini ya dirisha, akanipa mgongo. Akakohoa.

"Wewe sefu," akasema, "nisikilize. Nitasema polepole."

Akaitajia sefu namba zote, kulia mara ngapi, kushoto mara ngapi, kisha akarudia. Sizitaji hata leo. Nilikuwa nimelowa jasho chapachapa, vidole vinateleza, lakini nilizungusha. Chuma kikalia, mlango ukaachia. Nilidhani atakwenda zake. Hakwenda.

"Sefu," akasema, "huyo anayekutunza ni mwanangu. Miaka minne sijapata kumwambia."

Nikasikia viatu vyake vinaondoka kwenye kokoto. Mimi nilikaa sakafuni na mitihani mapajani, nikalia kwa sauti, mpaka bosi akaja kugonga mlango akiuliza kama bado imegoma.