Mama mkwe kanitibia maua yangu

Leo nimesema "asante mama" huku machozi yananilenga.

Yale maua yangu ya majani yenye milia myeupe, pale kivulini chini ya mparachichi, mnayakumbuka?

Narudi kutoka sokoni, hayapo!

Mama mkwe, mkulima wa mahindi huko Namanyere, kaja kutusalimia. Kayang'oa, kayachoma moto.

"Yalikuwa na ugonjwa wa milia, ule unaoshika mahindi, mwanangu. Hata mahindi ya jirani yangeugua."

Jamani! Nimeyalea tangu masika!

Kaniachia shina moja, la kijani tupu. Lile lile nililopanga kulikata, maana likiachwa linakua haraka na kuyameza yenye milia.

"Hili ndilo zima," kasema, anafuta jasho.

Ndipo nikasema "asante mama".

Na jembe hajaliweka chini. Anachungulia maua ya jirani.